Disiki shingoni, Kiingereza kinywani: Imani za mwaka 1961 zingali darasani

NG'OMBE wa jirani alipopenya ua na kuingia katika bustani ya chama cha 4-K, wanafunzi wasiopungua kumi tulimwona. Hakuna aliyepiga kelele.

Sababu ilikuwa kibao kidogo cha mbao kilichofungwa kwa uzi. Sisi tulikiita disiki. Aliyesikika akitamka neno la lugha ya nyumbani alivishwa kibao hicho shingoni, kisha akawa na kazi ya kuwinda mwenzake wa kumrithisha kabla ya kengele ya jioni. Wote waliopitiwa na disiki siku hiyo walipanga foleni nje ya ofisi wakapokea viboko vyao.

Kwa Kiingereza tulijua kusema kwamba huyu ni ng'ombe. Tulijua pia kusema ana miguu minne na mkia mmoja. Hatukujua kusema kwamba amevunja ua na anamaliza sukumawiki ya shule. Basi tulisimama tukamtazama akila, hadi mwalimu wa zamu alipotokea na kuuliza kwa Kiingereza iwapo sote tulikuwa mabubu.

Nilikuwa darasa la tano. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi na watu wamecheka, nami nimecheka nao. Lakini siku hizi ninapowasikia wazazi wakisifu shule kwa kuwa "pale mtoto haruhusiwi kuongea Kiswahili wala lugha ya mama", najiuliza kama sisi tulijua Kiingereza kwa sababu ya disiki au licha ya disiki.

Swali hilo lina majibu. Kuna tawi zima la isimu linalochunguza jinsi binadamu anavyojifunza lugha ya pili, na kwa zaidi ya miaka sitini limekusanya ushahidi kutoka Kanada hadi visiwa vya Fiji. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huo haijafika katika lango la shule zetu. Kilichofika mapema, na kikakataa kuondoka, ni fikra za mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Mkutano wa Kampala

Mwaka 1957 ulikuwa mwaka wa aina yake. Nchini Marekani, mwanasaikolojia B. F. Skinner alichapisha kitabu akidai kwamba lugha ni mazoea: mtu husikia, huiga, husifiwa akipatia na hurekebishwa akikosea, mpaka neno limkae kinywani. Mwaka huo huo Robert Lado naye alichapisha kitabu kilichosema kwamba ugumu wa kujifunza lugha mpya hutokana na pale inapotofautiana na lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Ukiziweka fikra hizo mbili pamoja, lugha ya mama inageuka tabia mbaya ya kung'olewa, kama mtoto anayenyonya kidole.

Na ni mwaka huo wa 1957 ambapo, jijini Nairobi, maafisa wa elimu wa serikali ya kikoloni walianza kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakianza na watoto wa Kiasia. Jaribio hilo lilienea hadi shule za Waafrika. Uhuru ulipopatikana, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde iliunga mkono mwelekeo huo katika ripoti yake ya mwaka 1964. Ilibidi kusubiri ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ili lugha ya eneo ilipo shule ipendekezwe tena kwa madarasa matatu ya kwanza.

Katikati ya hayo kulikuwa na mkutano. Januari mwaka 1961, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikusanyika katika Chuo cha Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Makoloni yalikuwa yakielekea uhuru, shule zilikuwa zinafunguliwa kila kona, walimu walikuwa haba na kila serikali mpya ilikitaka Kiingereza. Haja ilikuwa ya kweli.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992, msomi Robert Phillipson aliirejelea ripoti ya mkutano ule katika kitabu chake kuhusu ubeberu wa Kiingereza. Alisema fikra zake zinaweza kufupishwa kuwa imani tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kadiri kinavyoanza mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa bora, kwamba kadiri saa zake zinavyokuwa nyingi ndivyo inavyofaa, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, viwango vya Kiingereza vitashuka. Phillipson aliziita zote tano potofu.

Ni haki kusema kwamba wajumbe wa Makerere hawakuziandika kama amri kumi za Musa. Ufupisho ni wa Phillipson, na wapo wasiokubaliana naye. Hata disiki haikuzaliwa Kampala. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, adhabu za namna hiyo katika shule za Kenya za miaka ya 1950. Lakini soma matangazo ya shule za kibinafsi mnamo Desemba, wakati wa kutafuta wanafunzi wapya, uone ni imani ngapi kati ya hizo tano utakosa kuzikuta.

Ile ya mwalimu mzawa nitaipita haraka. Shule za kufanya hivyo ni chache na karo yake haimhusu msomaji wa kawaida. Zaidi ya hapo, mwalimu aliyejifunza Kiingereza akiwa na umri wa miaka minane anajua mahali penye matope kuliko aliyezaliwa ng'ambo ya mto.

Mapema, lakini mapema kwa nani?

Imani yenye nguvu zaidi ni ya umri. Mzazi huona watoto wadogo wakiokota lugha mitaani kama maembe yaliyodondoka, naye hujiambia kwamba akichelewa mlango utafungwa. Fikra hii ina msingi. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba ubongo una kipindi maalumu cha kupata lugha ambacho hufikia ukingoni mtu anapobaleghe. Na ni kweli kwamba mtoto mdogo anayehamia nchi ya kigeni, akicheza na majirani na kutazama runinga yao, mwishowe huwa na lafudhi ambayo wazazi wake hawataipata kamwe.

Sasa angalia kilichotokea watafiti walipopima. Mwaka 1978, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha uchunguzi kuhusu watu waliokuwa wakizungumza Kiingereza na kuhamia Uholanzi, watoto kwa watu wazima. Katika miezi ya mwanzo, waliojifunza Kiholanzi kwa kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15. Walioburura mguu walikuwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano.

Huko Barcelona, Uhispania, kundi la watafiti chini ya Carmen Muñoz lilifuatilia wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka minane na wengine waliokianza wakiwa na 11. Walipolinganishwa baada ya kufundishwa idadi sawa ya saa, wale wakubwa walikuwa mbele. Matokeo hayo yalitolewa katika kitabu mwaka 2006.

Maelezo yake si magumu. Mtoto mdogo hupata lugha kwa kuzama ndani yake, kutwa kucha, miaka nenda miaka rudi. Mtoto wa Kitui au Butere hazami popote. Anakutana na Kiingereza kwa saa chache, kinywani mwa mtu mmoja, katika chumba chenye wenzake hamsini au zaidi ambao hawakijui pia. Chini ya hali hiyo anayefaidika ni yule aliyekwisha kujua kusoma, kulinganisha na kuuliza. Ujana wa ubongo peke yake haumsaidii.

Walichokosea waliomnukuu Kanada

Watetezi wa Kiingereza tangu siku ya kwanza wana hoja moja nzito, nayo inatoka Kanada. Mwaka 1965, katika mtaa wa St. Lambert karibu na Montreal, kikundi cha wazazi waliozungumza Kiingereza kilishawishi shule iwafundishe watoto wao wa chekechea kwa Kifaransa. Mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake waliwafuatilia watoto hao. Walijua Kifaransa kuliko waliofundishwa kama somo tu, na Kiingereza chao hakikudhurika.

Basi, husemwa, kama watoto wa Kanada walifundishwa kwa lugha ngeni wakafaulu, wetu wana nini?

Tazama kwa makini. Watoto wale walitoka katika nyumba ambazo lugha yao ilikuwa lugha ya wenye mali na mamlaka. Hakuna aliyeidharau. Mwalimu wao alijua lugha zote mbili, na katika mwanzo huo wa chekechea mtoto aliruhusiwa kumjibu kwa Kiingereza. Angemwona ng'ombe bustanini, angesema. Baadaye walifundishwa pia kusoma na kuandika Kiingereza. Lambert mwenyewe alitofautisha hali mbili: ile ambapo lugha ya pili inaongezwa juu ya ya kwanza, na ile ambapo ya pili inakuja kuiondoa. Disiki ni chombo cha hali ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika zaidi. Mtafiti Merrill Swain alichunguza wanafunzi wa mpango kama ule waliokuwa wamesikia Kifaransa darasani kwa miaka mingi. Walikielewa vizuri sana. Hata hivyo, walipokisema na kukiandika, sarufi ilikuwa na mashimo. Mwaka 1985 alitoa maelezo yake: walikuwa wanasikia mengi lakini wanasema machache. Mtu anapolazimika kutoa sentensi yake mwenyewe ili aeleweke, ndipo hugundua asichokijua.

Hapo ndipo natamani kila mwalimu wa lugha asimame kidogo. Ingia darasa lolote lililojaa, kaa nyuma, usikilize. Mwalimu anasema sentensi na kuiacha bila neno la mwisho. Darasa zima linaimba neno hilo. "Je, tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Inawezekana dakika arobaini zipite bila mtoto mmoja kuunda sentensi ya Kiingereza iliyotoka kichwani mwake. Saa za Kiingereza zimeongezwa, naam. Sentensi hazijaongezeka.

Woga na makosa

Stephen Krashen, ambaye vitabu vyake vya miaka ya themanini vilisomwa na walimu kote duniani, alisema mtu hupata lugha anapoielewa, ikiwa imemzidi kiwango kidogo tu. Alilinganisha hofu na chujio: lugha inamwagwa, lakini kwa mwenye woga haipiti. Wataalamu wamemkosoa Krashen kwa mengi. Swain alikuwa mmoja wao, kwani yeye hakukubali kwamba kuelewa peke yake kunatosha. Hata hivyo, sijakutana na mtaalamu aliyesema kwamba mtu hujifunza lugha kwa kusikiliza asichokielewa huku akitetemeka.

Kuhusu makosa, S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 makala yaliyobadilisha fikra za wengi. Alisema makosa ya mwanafunzi ni dirisha la kuona kanuni ambazo amejitungia. Mtoto anayesema "goed" badala ya "went" hajamwiga mtu yeyote. Amegundua kanuni ya wakati uliopita na kuitumia pasipotakiwa. Anayemchapa anamwadhibu kwa kufikiri.

Tukitaka kuelewa hili vyema, tujiangalie sisi wa bara katika Kiswahili. Ni wangapi Nairobi husema "kitabu yangu imepotea" bila kusita? Tumejitungia kanuni nyepesi ya upatanisho na inatusaidia kuelewana. Mswahili wa Lamu akitusikia hutabasamu. Hatuvishi kibao.

Gredi ya nne

Tuseme mtoto amefika gredi ya nne. Anasalimia kwa Kiingereza, anaomba ruhusa ya kwenda msalani, anaimba. Mgeni akija nyumbani, mama humwita: "Hebu mwongeleshe mjomba Kiingereza." Mtoto anaongea, mjomba anavutiwa, karo inaonekana imefanya kazi.

Kisha anafungua kitabu cha sayansi na kukuta aya inayoeleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Jim Cummins, msomi mwingine wa Kanada, alilipa jambo hili jina tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Kwa watoto wa wahamiaji Kanada, alikuta kwamba ya kwanza huchukua takriban miaka miwili, nayo ya pili miaka mitano au zaidi. Na wale walikuwa wamezungukwa na Kiingereza kila upande. Alisema pia kwamba maarifa ya lugha moja huvuka kwenda nyingine. Aliyeelewa kwa lugha yake kwamba jani ni jiko la mmea anahitaji tu majina mapya. Asiyeelewa kwa lugha yoyote atakariri, ajibu mtihani, kisha asahau.

Majirani zetu wameliweka daraja hili mahali tofauti, nalo limewatatiza wote. Tanzania hufundisha shule za msingi za serikali kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza kidato cha kwanza. Ripoti ya Clive Criper na Bill Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari huko hawakuweza kusoma kwa Kiingereza walichotakiwa kusoma. Uganda tangu mwaka 2007 hutumia lugha za maeneo hadi darasa la tatu, na la nne ni la mpito. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, mwaka 2011 ikarejesha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo, na mwaka 2019 ikatangaza kurudi tena kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Watoto walioanza shule 2008 wana mengi ya kusimulia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa lugha za mama, nikiwa mmoja wao, hatupendi kulisema. Nchini Kenya jaribio lilifanywa katika shule za maeneo ya Kikamba na Lubukusu, na matokeo yake yakachapishwa na Benjamin Piper na wenzake mwaka 2016 na 2018. Watoto waliofundishwa kusoma lugha ya mama waliisoma vizuri zaidi. Lakini Kiingereza na Kiswahili chao hakikuwapita wenzao waliopata vitabu na msaada kama huo bila lugha ya mama. Katika hesabu walikuwa nyuma kidogo.

Kwa upande mwingine, Afrika Kusini, Stephen Taylor na Marisa von Fintel walilinganisha shule zilizobadilisha lugha ya kufundishia. Mwaka 2016 walionyesha kwamba watoto waliofundishwa kwa lugha yao miaka mitatu ya kwanza walifanya vyema zaidi katika Kiingereza gredi ya nne hadi ya sita. Waliongeza kwamba umaskini na ubora wa ufundishaji vina uzito kuliko lugha.

Naisoma tofauti hiyo hivi: muda. Jaribio la Kenya lilipima mapema, la Afrika Kusini lilipima miaka kadhaa baadaye. Huenda mwingine akaisoma vingine. Ila hakuna hata moja kati ya tafiti hizi lililokuta Kiingereza kikianguka kwa sababu mtoto aliruhusiwa kuelewa kwanza.

Vitabu 250

Kama nilazimishwe kuchagua utafiti mmoja wa kubandika katika ofisi ya kila mwalimu mkuu, ningechagua wa Fiji. Mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vyenye picha, katika madarasa ya shule za mashambani. Kila darasa lilipata vitabu 250 hivi. Hawa walikuwa watoto wa gredi ya nne na ya tano, Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao, na vitabu vilikuwa adimu kama vilivyo kwetu. Hapakuwa na mzungu aliyeletwa, wala saa hazikuongezwa. Watoto walisoma hadithi, au walisomewa na mwalimu kisha wakazizungumzia.

Baada ya miezi minane, maendeleo yao katika kusoma yalikuwa takriban mara mbili ya kawaida. Mwaka uliofuata walipimwa tena, na faida ilikuwa imeenea hadi kuandika na sarufi, ingawa sarufi haikuwa imekaziwa.

Nadharia nyingi nilizozitaja zinakutana ndani ya kitabu cha hadithi. Picha humfanya mtoto aelewe. Hadithi humwondolea woga. Neno lile lile humrudia mara kumi katika hali tofauti, na kesho yake ana jambo la kusimulia. Na bei yake hailingani na ya basi la manjano lililoandikwa jina la shule ubavuni.

Kenya ilipoanzisha mpango wa Tusome mwaka 2015, ilipiga hatua kubwa kwa kumpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili. Hicho ni kitabu cha kiada. Vya hadithi bado ni suala la kila shule na kamati yake.

Januari ijayo, mzazi anayezuru shule akitafuta nafasi atapokewa na mtoto aliyevaa sare safi akimkaribisha kwa Kiingereza kilichonyooka. Amsikilize, ampigie makofi. Kisha amwombe mwalimu mkuu, kwa lugha yoyote, amwonyeshe vitabu vya hadithi ambavyo watoto hubeba kwenda navyo nyumbani Ijumaa. Akiambiwa vipo ila vimefungiwa kabatini visichafuke, aulize ufunguo uko kwa nani.